Jumanne za Mmbone

Vijana wa idara ya mazoezi ya viungo waliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nimekubali, kwa sharti kwamba vyeo na mishahara sitaigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara haikuwahi kukaa muda wa kutosha tukafahamiana. Nitaandika kuhusu mikono, kwa kuwa kazi yetu ni ya mikono, na kuhusu mtoto mmoja niliyemwacha. Mkitaka habari za kuchekesha, waulizeni watu wa meno.

Nilizaliwa Matungu, katika boma lililozungukwa na miwa pande tatu. Nilipomaliza shule nilitaka kuwa daktari wa kuandika dawa. Barua ya chuo ilipofika ilisema nimechaguliwa kusomea fiziotherapia, neno ambalo hakuna mtu kijijini aliyeweza kulisoma mpaka mwisho. Baba alimpelekea mwalimu mkuu, naye akalitazama kwa muda, akasema ni kozi ya kunyoosha watu. Tangu siku hiyo baba aliwaambia majirani kwamba mwanawe anaenda Nairobi kusomea kukanda.

"Si mama yangu alikuwanga anakanda watu hapa hapa bila kwenda Nairobi?" jirani mmoja akamuuliza.

Baba akamgeuzia habari za bei ya miwa. Jibu la swali hilo mimi nililipata mwaka wa pili.

Aliyenipa jibu ni Mwalimu Wekesa, mtu mwembamba aliyechechemea kwa sababu polio ilimpata utotoni. Siku yetu ya kwanza ya mafunzo ya vitendo hakutufundisha chochote. Alitufunga kila mmoja plasta ngumu mguu mmoja, kutoka pajani mpaka kwenye kifundo, akatuambia twende tukale, twende msalani, na turudi darasani ghorofa ya pili. Plasta ilikaa siku mbili. Msichana mmoja alilia kwenye ngazi. Tuliporudi alituambia, "Sasa siku mtakapomwambia mgonjwa 'jaribu tena,' mtajua mnamwambia nini." Kisha akatufundisha kushika misuli huku macho yamefungwa, mpaka tukaweza kutambua kwa vidole mahali ambapo mguu unakataa na mahali ambapo unaogopa tu. Kukataa na kuogopa ni vitu viwili tofauti. Ukivichanganya utamuumiza mtu.

Baada ya kuzungushwa vituo kadhaa nilitua katika hospitali ndogo ya misheni, si mbali na mji wa Kakamega. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia si yake, ni yangu. Chumba cha mazoezi kilikuwa zamani stoo ya maharagwe. Vyuma vya kushikilia wanaojifunza kutembea vilikuwa mabomba ya maji yaliyochomelewa na fundi wa Shinyalu. Mizigo ya mazoezi ilikuwa mifuko ya mchanga niliyoishona mwenyewe kutoka kwa suruali kuukuu. Kulikuwa na kioo kirefu kilichopasuka katikati, kwa hiyo kila mgonjwa alijiona kama watu wawili wasioelewana. Wagonjwa wangu walikuwa wakata miwa wenye migongo mibovu, wazee wa kiharusi, na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu na bado wakawa na haraka.

Mama Mmbone alikuja mara ya kwanza siku ya Jumanne, mvua ikinyesha. Alikuwa mchuma chai katika ukanda wa chai unaopakana na msitu, upande wa Isecheno. Alikuwa amembeba binti yake kifuani, kama mtu aliyekumbatia kuni, kwa kuwa miguu ya mtoto ilikuwa imebana na kupishana kama mkasi. Haikukubali kupanuka ili afungwe mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Alinitazama kwa macho makali, kama mtu anayejua nimeajiriwa kumsumbua.

"Daktari, wengine walisema amerogwa," mama akaniambia kabla hajakaa. "Wengine wakasema ni mimi nilikulanga udongo nikiwa na mimba. Ni nini?"

"Ni mtindio wa ubongo, mama. Alipokuwa akizaliwa ubongo ulikosa hewa. Hakuna aliyemroga, na udongo hauna kosa."

"Atatembea?"

"Sijui. Tukifanya kazi anaweza kusimama, pengine akatembea na fremu. Tusipofanya, miguu itajikunja. Ikishajikunja hairudi."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tukafanya kazi. Kila Jumanne kwa miaka miwili alikosa siku ya kuchuma chai akamleta Mmbone. Nilimnyoosha misuli ya mapaja taratibu, nikamtengenezea vibao vya plasta vya kuweka nyuma ya magoti, nikamfundisha kukaa. Baada ya miezi kadhaa miguu ilianza kupanuka, na siku moja mama yake alimfunga mgongoni kwa leso kama watoto wengine. Alipita katikati ya ua wa hospitali polepole, huku akisalimia hata watu asiowajua.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliseme hapa. Mama Mmbone alikuwa akikaa nje, kwenye benchi. Nilimwambia akae nje kwa sababu mtoto akimwona analia, na akilia misuli inakaza. Siku moja aliniuliza, "Naweza kukaa ndani nione vile unafanya?"

"Mama, hii ni kazi ya kitaalamu," nikamjibu. "Ukivuta vibaya utamvunja. Wewe mlete tu."

Hakuuliza tena. Nilijiona mtaalamu mwangalifu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu pekee anayejua.

Katika mwaka wa pili seremala wa hospitali alinitengenezea kifaa cha kusimamia. Kilikuwa fremu ya mbao yenye mikanda ya kifuani, kiunoni na magotini. Tulikiweka karibu na dirisha. Siku ya kwanza Mmbone aliposimamishwa aligeukia dirisha. Kichwa chake kilikuwa kimefika juu ya kizingiti cha dirisha, na nje kuku wa masista walikuwa wanachakura. Akapiga kelele, "Mama!" Kwa mara ya kwanza sikumzuia mama kuingia. Aliingia na mwavuli wake uliokuwa ukidondosha maji, akasimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni.

"Kumbe ni mrefu," akasema.

Katika miezi hiyo hiyo nilikuwa nimeanza kutafuta njia ya kwenda ng'ambo. Sitajitetea. Watoto wangu walikuwa wakubwa na walihitaji shule, wenzangu wawili wa chuo walikuwa wameshaondoka, nami nilikuwa nimechoka kushona mifuko ya mchanga. Mnaotaka kufuata njia hiyo, jueni kwamba ni ndefu na ni ya makaratasi. Baraza la kule linalosajili wataalamu lilitaka maelezo ya kila somo nililosoma na saa nilizokaa kwenye wodi nikiwa mwanafunzi, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Mwalimu Wekesa alikuwa ameshafariki, na faili zake zilipatikana chini ya sanduku la mashuka. Kulikuwa pia na mtihani wa Kiingereza. Mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne nilikaa ukumbini Nairobi, vifaa masikioni, nikisikiliza watu wawili wakibishana kuhusu tiketi za treni. Nilipita, ingawa mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa na haki.

Barua ya kazi ilipokuja nilimwambia mke wangu na wakubwa wangu. Wagonjwa sikuwaambia. Kila wiki nilijiambia nitawaambia wiki ijayo. Jumanne ya mwisho Mmbone alisimama muda mrefu kuliko siku zote. Nilimfungua mikanda, nikamweka mikononi mwa mama yake, nikasema, "Haya, tuonane Jumanne." Jumamosi nikapanda ndege.

Nilipelekwa katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vilivyofungwa na watu wazee. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijakamilika, kwa hiyo nilianza kama msaidizi. Mkuu wangu siku ya kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na nne. Aliniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona mgonjwa wa kiharusi. Nikasema nimewahi. Kisha nikaambiwa ni marufuku kumwinua mgonjwa kwa mikono, kuna mashine. Nilikuwa nimeinua watu maisha yangu yote, nao walikuwa wamekubali kuinuka. Nilisimama nikitazama mzee akipaa taratibu ndani ya kitambaa kama gunia la mahindi, nikahisi mikono yangu imestaafishwa kabla yangu. Mikono yenyewe ilikuwa baridi. Kila niliyemgusa alishtuka, mpaka nikajifunza kuiweka kwanza kwenye maji ya moto.

Aliyenipokea kweli ni Brenda, mama mfupi aliyekaribia kustaafu, aliyevaa viatu vya wanaume kwa sababu, alisema, viatu vya wanawake vilibuniwa na adui. Alinipa mzee mmoja, Bwana Walter, aliyekuwa muuza samaki kabla ya kiharusi kumkunja mkono na mguu wa kulia. Binti yake, Susan, alikuja naye. Nikamwomba Susan akae nje. Brenda alimrudisha ndani, akamwekea kiti karibu na kitanda, akamshikisha mkono wa baba yake. Baadaye alinivuta kwenye ujia.

"Makokha, wewe uko na Walter nusu saa," akaniambia. "Siku ina saa ishirini na nne. Saa zilizobaki atakuwa na nani?"

"Lakini yeye si mtaalamu. Akivuta vibaya atamuumiza."

"Basi mfundishe asivute vibaya. Kazi yetu ni hiyo. Ulidhani ni ipi?"

Nikamfundisha Susan. Alikosea, akaogopa, akajaribu tena. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akimfungua baba yake vidole kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mkono wa Walter ukaweza kushika kikombe. Susan alilia akanikumbatia, na watu wote wakafurahi. Mimi nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na koti langu, nikamwona mama mwingine kwenye benchi, mwavuli magotini.

Nilipiga simu hospitalini. Mtu wa kushika nafasi yangu alikuwa hajapatikana. Chumba kilikuwa kimewekwa magodoro kwa muda. Nilimuuliza muuguzi habari za mama wa Isecheno.

"Alikuja," akasema. "Aliambiwa."

Nambari yake ya simu sikuwa nayo. Kwa miaka miwili sikuwahi kuiuliza. Ningeweza kuandika barua kwa kanisa lao au kwa chifu, nichore mazoezi kwenye karatasi, mtu amfikishie. Niliahirisha mpaka baada ya usajili, kisha mpaka likizo, kisha niliacha kujipangia tarehe. Aibu ni kama kiungo. Usipoisogeza mapema inaganda, na kila siku inayopita kuisogeza kunauma zaidi. Nilisajiliwa, nikapewa wagonjwa wangu, nikafanya kazi kule miaka kumi na sita. Watu wengi walitembea. Niliporudi nyumbani kwa mapumziko nilipita Kakamega, nikazuru makaburi ya wazazi Matungu, na upande wa msituni sikuugusa.

Nilistaafu mwaka jana tukarudi, mimi na mke wangu aliyekuwa amenifuata kule. Nilimaliza wiki sita nikipanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, mpaka mke wangu akaniuliza ninaogopa nini. Kesho yake nikaenda Isecheno. Kijana anayetembeza wageni msituni alinionyesha njia, mashamba mawili baada ya chai.

Mama Mmbone alikuwa uani akianika mahindi. Mgongo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Nilijua umepinda kwa kubeba nini.

"Mulembe," nikamsalimia.

"Mulembe muno." Alinitazama, mkono juu ya macho. "Ni wewe, daktari wa Jumanne."

Akaniletea kiti. Mlango ulikuwa wazi, na ndani, kwenye godoro karibu na mlango, alilala msichana mkubwa mwenye macho makali. Miguu yake ilikuwa imejikunja kabisa, yote miwili imelalia upande wa kushoto, magoti yakikaribia kifua. Hata kabla ya kumgusa niliona kwamba nyonga zilikuwa zimetoka mahali pake.

"Nilikuja Jumanne tatu," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Ya kwanza nikaambiwa hujafika. Ya pili wakasema uko likizo. Ya tatu yule mama wa kufagia akanihurumia, akanieleza ukweli, ati umeenda ng'ambo. Nikafunga mtoto nikarudi."

"Ulinikasirikia?"

"Kwa kwenda? Hapana. Kila mtu hutafuta. Nilikasirika kwa sababu ulisema tuonane Jumanne." Akachambua punje chache zilizooza akazitupia kuku. "Na ile kazi ya mikono, ungenionyesha tu. Mimi nachumanga chai, daktari. Mikono yangu inajua kufanya kitu kimoja siku nzima bila kuchoka."

Nilisema pole. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani, likatoka hilo moja. Aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kusonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Nikaingia kwa Mmbone. Husema polepole, kila neno akilivuta kutoka mbali, lakini ukingoja unamwelewa.

"Nakukumbuka," akasema. "Nilikuwa mrefu. Niliona kuku kwa dirisha."

"Kweli. Uliwaona."

"Hao wanasema niliota." Alielekeza macho uani, ambako binamu zake wawili, wasichana wa shule, walikuwa wakipukuchua mahindi. "Waambie."

Nikatoka nikawaambia. Nikawaeleza kwamba dada yao alisimama, si mara moja, Jumanne nyingi, na kwamba mimi ndiye niliyemfunga mikanda. Waliacha kupukuchua. Mmbone aliwatazama kutoka mlangoni bila kutabasamu, kama mtu aliyeshinda kesi baada ya kila kitu kuuzwa.

Kisha nikamwomba ruhusa nimguse goti. Nilifumba macho kama nilivyofundishwa. Mguu haukuwa unaogopa. Ulikuwa unakataa, na ulikuwa na haki.

"Itanyooka?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mmbone. Wakati wake ulipita."

Aligeuza uso akatazama ukuta. Nilikaa pale mpaka chakula kikaiva, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Nilipokuwa naondoka mama alinisindikiza hadi njiani.

"Miguu nimeelewa," akasema. "Lakini si bado yuko na mikono? Si bado yuko na kifua? Usiku anakohoanga sana. Na kiunoni ngozi inaanza kuwa nyekundu. Nionyeshe iliyobaki."

Nimekuwa nikienda tangu siku hiyo. Kwanza tulishughulikia ngozi: kumgeuza, mahali pa kuweka mto, rangi gani ni ya kuogopa. Tukaingia kwenye kifua, jinsi ya kumlaza na kumgonga mgongo ili kohozi litoke. Tukamalizia na mikono, ambayo ilikuwa bado inasikia. Mama alikaa karibu yangu, si nje. Nilimshika vidole nikaviweka mahali pake, kama Mwalimu Wekesa alivyonishika.

Nyinyi vijana mtaondoka, wengi wenu. Mmoja wenu ameshaniletea fomu nimtilie sahihi, nami nimetia. Sitamzuia mtu kutafuta. Nawaambia tu kilichonipata.

Siku moja nilikuwa namfungua Mmbone mkono wa kushoto, na mama yake akanigusa bega. "Hapo unamvuta sana, daktari. Ngoja atoe pumzi." Nikangoja. Pumzi ikatoka, kiwiko kikafunguka taratibu mpaka mkono ukalala juu ya blanketi. Nikampisha. Akaendelea na mkono wa pili peke yake, macho yamefumbwa, na Mmbone akasinzia katikati ya zoezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mikononi mwangu. Hakukuwa na kitu kingine cha kumwonyesha.

Ilikuwa imemchukua wiki tatu kujifunza yote. Na mimi, tangu nipate ile barua ya kuondoka mpaka siku ya ndege, nilikuwa na miezi minne.